Charles Bowring: mweka hazina wa Mombasa na mahindi ya Turbo

Novemba mwaka juzi nilimpeleka mpwa wangu chuoni Eldoret. Nikabakiwa na siku nzima kabla ya basi la kurudi Mombasa, basi nikapanda matatu hadi Turbo. Ni mji mdogo wa Uasin Gishu, kwenye barabara kuu iendayo Webuye na Malaba, mwendo usiofika saa moja kutoka Eldoret. Ulikuwa msimu wa mavuno. Mahindi yameanikwa juu ya maturubai kila palipo na uwazi, malori yamepanga foleni, na reli ya zamani inapita kando yake kimya. Nilipomaliza kusali adhuhuri nikakaa kwa mama mmoja auzaye mahindi ya kuchoma. Alipoiona kofia yangu akaniuliza, "Ustadhi, umetoka pwani?" Nikamjibu ndiyo, Mombasa. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Basi nyinyi ndio mnaotufungulia meli za mahindi ya nje."

Nikamwambia, mama, sisi huko tunalia unga ni ghali. Yeye akasema wao huku wanalia mahindi ni rahisi. Tulibishana kwa adabu mpaka gunzi likaisha.

Mabishano yale yana zaidi ya miaka 100, na katikati yake yumo mtu ambaye watu wachache leo wanamkumbuka: Sir Charles Calvert Bowring, mweka hazina wa serikali ya kikoloni kuanzia 1901. Shuleni tulisoma habari za Lord Delamere na Eliot. Huyu hatukusoma. Hakuua simba, hakuandika kitabu cha safari, hakupigana vita. Alikuwa mtu wa madaftari. Lakini ukitaka kujua kwa nini gunia la Turbo na mahamri ya Mji wa Kale yamefungwa kamba moja, itabidi umfuate huyu.

Alizaliwa 1872. Akaingia utumishi wa makoloni 1890, kijana wa miaka 18 hivi, upande wa ukaguzi wa hesabu. Huku kwetu alikuja kwanza kama mkaguzi, na mwaka 1901 akafanywa Mweka Hazina wa Himaya ya Afrika Mashariki, kama Kenya ilivyoitwa wakati huo. Makao makuu ya serikali yalikuwa bado Mombasa. Mpaka leo tunasema Treasury Square, pale penye bustani na majengo ya manispaa, ingawa wengi wanaopita hapo kwenda Nkrumah Road hawajiulizi hazina hiyo ilikuwa ya nani.

Hazina aliyoikuta ilikuwa na historia ya ajabu. Kabla ya Waingereza, ushuru wa bandari za pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, naye hakuukusanya mwenyewe. Alikuwa akiukodisha kwa matajiri wa Kihindi, kama Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, ambao walimlipa kiasi cha mwaka kisha wao wakatoza wafanyabiashara. Mei 1887 Sultani Barghash aliwapa Waingereza idhini ya kuendesha ukanda wa pwani, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati ya kifalme 1888, ikachukua forodha ya Mombasa. Kampuni ikafilisika. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi, na Kampuni ikalipwa fidia ya pauni 250,000.

Hapa nakuomba msomaji usimame kidogo. Katika hizo pauni 250,000, serikali ya Uingereza ilitoa 50,000 tu. Zile 200,000 zilikuwa fedha za Zanzibar, zilizotokana na fidia ambayo Wajerumani walilipa kwa pwani ya Tanganyika. Yaani Kampuni ya Kiingereza ilinunuliwa kwa fedha za Sultani, ili pwani ya Sultani itawaliwe na Waingereza! Kisha yeye akaahidiwa pauni 11,000 kwa mwaka kama kodi ya ukanda wa maili 10, na riba ya asilimia 3 ya zile 200,000, ambayo ni pauni 6,000. Jumla 17,000. Deni hilo la kila mwaka ni moja ya mambo ambayo mweka hazina alilazimika kuyaandika kwenye daftari.

Upande wa mapato, nguzo ilikuwa forodha. Mwanzoni bidhaa zilizoingia zilitozwa asilimia 5 ya thamani, kwa sababu mikataba ya kimataifa ilibana. Baadaye ikawa 10. Marekani, kaniki, mchele, shanga, nyaya, mafuta ya taa: vyote vilipita Mombasa, na kila kitu kiliacha chochote mezani kwa karani wa forodha. Yote hayo hayakutosha. Reli kutoka Mombasa hadi ziwani, iliyofika Kisumu Desemba 1901, ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 5. Nchi ilikuwa ikiishi kwa ruzuku kutoka London, na mtu anayelishwa na mwenzake hana kauli. Kila senti iliulizwa.

Kazi ya Bowring kwa miaka 10 ilikuwa kuifanya nchi ijitegemee. Mwaka huohuo wa 1901 ndipo kodi ya vibanda ilipoanza kwa sheria. Ilikuja kufikia rupia 3 kwa kibanda, na 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda cha kulipia. Watawala hawakuficha kwamba kodi ilikuwa na kazi mbili, kujaza hazina na kumtoa Mwafrika nyumbani akatafute kibarua. Ruzuku ya London ilikoma mwaka wa fedha wa 1912/13. Kwa mtu wa hesabu huo ni ushindi. Aliyelipa ushindi huo kwa mbuzi na kibarua alikuwa na neno lingine.

Njia ya pili ya kujitegemea ilikuwa kuleta walowezi, na hapo forodha ya Mombasa iliingia kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 1903 Kamishna Sir Charles Eliot alimtuma mkuu wake wa forodha, A. Marsden, aende Afrika Kusini kuitangaza nchi. Fikiria: mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu marobota bandarini anapanda meli kwenda kuwaambia Wazungu wa Johannesburg kwamba huku kuna ardhi. Wakaja kwa mamia, mpaka ofisi ya ardhi Nairobi ikaelemewa. Eliot mwenyewe alijiuzulu 1904 kwa ugomvi wa ardhi na wakubwa wake wa London, akiwatetea Waafrika Kusini wawili waliotaka mashamba Bonde la Ufa.

Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa bado haujagawanywa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa Wazayuni ahadi ya eneo hilo, wakatuma watu watatu kuliangalia, na mkutano wao ukalikataa 1905. Nandi, waliokuwa wakilisha ng'ombe huko, walivunjwa nguvu kwa vita. Koitalel arap Samoei aliuawa 19 Oktoba 1905. Halafu Julai 1908 meli ilitia nanga Mombasa ikiwa na Makaburu wa Jansen van Rensburg, familia 47, na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Wakapanda reli hadi Nakuru, kisha wakakata msitu na matope hadi uwandani. Shamba namba 64 likawa Eldoret. Hata leo wazee wa huko husema "Sisibo" na kila mtu anaelewa.

Lakini shamba lisilo na njia ya kufikisha mazao sokoni ni pori lenye hati. Walilima ngano na mahindi wakayala wenyewe, au yakaoza. Hilo ndilo tatizo ambalo mtu wa madaftari alikuja kulitatua baadaye, kwa gharama ya wengine.

Mwaka 1911 Bowring alipanda kuwa Katibu Mkuu wa Serikali, mtu wa pili baada ya gavana. Alikuwapo kwenye cheo hicho serikali ilipowashambulia Wagiriama 1914. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshakamatwa na kupelekwa mbali; kaya zililipuliwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 pamoja na kutoa vibarua 1,000. Sisi wa pwani tunaikumbuka kwa huzuni. Kwenye hesabu za serikali ilikuwa safu moja ya mapato.

Gavana Belfield alipoondoka 1917, Bowring alikaimu ugavana mpaka mapema 1919. Hiyo ndiyo miaka mibaya kuliko yote ya vita vya kwanza. Wapagazi walikamatwa vijijini kwa wingi, na waliokufa, kwa hesabu zilizoandikwa tu, walizidi 40,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikudaiwa na mtu, ikabaki serikalini. Nimewahi kuwauliza wazee wa Likoni habari za baba zao wa Kariakoo. Waliobaki na hadithi ni wachache na waliobaki na fedha hayupo hata mmoja. Ni katika ukaimu huohuo, 1918, ilipopitishwa sheria ya wakazi wa mashamba ya walowezi: Mwafrika anayeishi na familia yake katika shamba la Mzungu ni lazima amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Watu wa Uasin Gishu hiyo iliwagusa moja kwa moja. Malisho yao yalikuwa yamekuwa shamba la mtu, na wao wakawa maskwota juu yake.

Tufike sasa 1920 mpaka 1922, maana hapa ndipo Bowring alipoacha alama isiyofutika.

Kwanza fedha iliharibika. Rupia ilikuwa 15 kwa pauni. Baada ya vita thamani yake ilipanda, na 1920 serikali ikaifunga kwenye 10 kwa pauni, ikaja florini, na mara hiyo hiyo shilingi ya Afrika Mashariki. Aliyekuwa na deni la rupia 1,500, yaani pauni 100, akaamka akidaiwa 150. Walowezi waliokopa benki walipiga kelele hadi London. Wakati huohuo bei za mazao duniani zikaporomoka. Walowezi wakaamua kukata mishahara ya vibarua kwa theluthi, na serikali ikapandisha kodi ya kibanda na ya kichwa hadi shilingi 16.

Mtu mmoja aliyesimama kupinga hayo alikuwa karani wa simu katika Hazina yenyewe: Harry Thuku. Alikamatwa Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na wajumbe wao wakapelekwa kuonana na mkubwa wa serikali aliyekuwapo. Alikuwa Bowring. Aliwaambia waende nyumbani, Thuku atatendewa haki. Wajumbe walirudi na ujumbe huo, umati ukakataa kuondoka; Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume, na tarehe 16 polisi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Thuku akapitishwa kwetu pwani na kufungiwa Kismayu. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Pili, kulikuwa na kodi ya mapato. Ilikuwa imewekwa tu, na ingewagusa wenye mapato makubwa, ambao walikuwa Wazungu na Wahindi. Walowezi wakagoma, wengine hawakujaza fomu hata moja. Mwaka 1922 ikafutwa, na pengo lake likazibwa kwa kuongeza ushuru wa forodha. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Mwenye shamba la ekari elfu mbili akasamehewa, na badala yake mzigo ukahamishiwa kwenye kitu kinachopita bandarini, ambacho hununuliwa na kila mtu, tajiri na mchukuzi. Kodi ya mapato haikurudi mpaka 1937.

Tatu ni kamati. Mwaka 1922 iliundwa Kamati ya Uchumi na Fedha, mwenyekiti wake Bowring, na kwa sababu hiyo watu waliiita Kamati ya Bowring. Ilitakiwa kupunguza matumizi na kuiokoa nchi. Jibu lake lilikuwa mahindi. Kahawa huchukua miaka kuzaa, katani inataka mitambo, lakini mahindi ukipanda Machi unavuna kabla mwaka haujaisha. Nchi ilime mahindi kwa wingi na kuyauza nje. Reli iyabebe kwa nauli ndogo. Na mazao ya ndani yalindwe kwa ushuru dhidi ya ya nje. Kati ya 1922 na 1923 ushuru wa ulinzi ukawekwa kwa vitu kama ngano na unga wake, siagi, jibini, sukari na mbao.

Kwa mkulima wa uwandani hiyo ilikuwa rehema. Reli mpya kutoka Nakuru ilishaanza kujengwa 1921. Wapinzani walisema imepindishwa kupita kwenye mashamba ya Wazungu badala ya kwenda Uganda kwa njia iliyo rahisi, na ukiitazama ramani huwezi kuwalaumu. Ilifika Eldoret 1924, ikaendelea Turbo, na kutoka hapo kuelekea mpaka wa Uganda. Kampala iliungwa 1931. Bandarini kwetu gati mbili za kwanza za maji marefu za Kilindini zilifunguliwa 1926. Gunia lililotoka Turbo sasa lilikuwa na njia moja iliyonyooka mpaka tumboni mwa meli.

Nani alilipa nauli ile ndogo? Reli ina gharama zake hata ukiitoza mahindi kidogo. Kilichopunguzwa kwa gunia la kwenda baharini kilitafutwa kwa mizigo mingine, hasa ya bidhaa kutoka nje na pamba ya Uganda. Na ngano je? Muoka mikate wa Mombasa, ambaye angeweza kununua unga wa bei nafuu kutoka India au Australia, ng'ambo ya bahari iliyo mlangoni pake, sasa alilazimika kununua wa bara uliosafiri maili mamia kwa treni, au alipe ushuru. Kampuni ya Unga, iliyoanzishwa na Delamere 1908, ilikuwa tayari kumuuzia. Tanganyika walilalamika pia walipoingia kwenye umoja huo wa forodha, na mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kukagua fedha zao, aliandika wazi kwamba mpango ule ulikuwa ukiwaumiza. Zanzibar ilibaki nje na ushuru wake yenyewe, jambo ambalo wafanyabiashara wa majahazi walijua kulitumia, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Nitakuwa dhalimu nikisema Bowring aliyatenda haya kwa nia mbaya kwetu. Alikuwa na nchi iliyofilisika na reli yenye deni, akatafuta kitu kinachoweza kujaza mabehewa haraka. Mahesabu yake yalikuwa sahihi. Mahindi yakaja kuwa zao kubwa, na Waafrika nao waliyalima na kuyauza. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba mezani pake hakukuwa na mtu wa kumuuliza anayenunua unga kibabani ataathirika vipi.

Mwenyewe hakukaa kuona treni ikifika Turbo. Machi 1924 alikwenda kuwa gavana wa Nyasaland, Malawi ya leo, akakaa huko hadi 1929, akastaafu. Alifariki 1945. Hakuacha mtaa maarufu wala sanamu, na nadhani yeye mwenyewe asingejali.

Alichoacha ni utaratibu, na utaratibu huishi kuliko sanamu. Makaburu waliondoka karibu na uhuru, mashamba yakagawanywa, Turbo ikapata hata msitu wa misonobari wa kulisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, kiwanda kikafungwa. Mahindi yakabaki. Leo ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 50 kwa mahindi ya nje na 35 kwa ngano, ingawa wasagaji wa Kenya huruhusiwa kuingiza ngano kwa 10, kwa sharti la kununua kwanza ya wakulima wa ndani. Bei ya unga ikipanda sana, hasa uchaguzi ukikaribia, serikali hufungua mlango. Mei 2017 meli yenye tani takriban 30,000 za mahindi ya Mexico ilifunga gati Mombasa, na pakiti ya kilo 2 ikauzwa kwa shilingi 90 kwa ruzuku. Sisi tulishukuru. Turbo walinuna, na mama yule wa mahindi ya kuchoma hajasahau.

Nilimweleza haya yote kwa ufupi nikisubiri matatu ya kurudi Eldoret, pamoja na jina la Bowring. Akalijaribu mdomoni mara mbili likamshinda. Kisha akauliza kilo mbili za unga ni shilingi ngapi kwetu. Nikamtajia. Akahesabu kimoyomoyo gunia lake la kilo 90 linatoa pakiti ngapi, akalinganisha na alicholipwa na dalali wiki ile, akanitazama.

"Sasa hiyo nyingine inaenda wapi, Ustadhi?"

Matatu ikapiga honi. Nikalipia magunzi mawili ya njiani, akaniongezea la tatu bure, nikapanda.